Visiki vya Mama wa Makala

Ukimpa vipande viwili vya makala, yaani makaa ya miti, alivigonganisha karibu na sikio lake, kisha akakuambia vimetoka mti gani. Muputu, mutondo, mubanga. Makala ya mubanga yalilia kama kikombe cha chuma kikigongwa na kijiko. Ya mti laini yalitoa sauti ya kikohozi, naye aliyatupa pembeni kwa dharau. Mimi niliyesoma elimu ya viumbe kwenye chuo cha ualimu sikusikia tofauti yoyote. Nilisikia makala mawili yakigongana, basi.

"Mwalimu," alikuwa akiniambia, "masikio ya kwako iko ya kusikia kengele tu."

Huku kwetu, mwisho wa mtaa wa Kampemba, mjini Lubumbashi, ambako lami imechoka kabla ya watu kuchoka, kila mtu alimwita Mama wa Makala. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini hata yeye hakulitumia. Siku moja padri alilitaja, naye akageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Alikuwa na meza yake ya magunia mbele ya shule yetu, ng'ambo ya barabara, tangu kabla mimi sijaajiriwa. Na kabla ya kuuza makala aliyachoma. Wanawake wengi hununua kwa wachomaji. Yeye aliingia porini na kaka zake, akakata, akapanga magogo, akayafunika kwa udongo, akalala kando ya tanuru majuma mazima akilinda moto usije ukatoboa. Hakuficha. Msitu uliokuwa kati ya shule yetu na kijito ulikuwa mzima alipokuwa kijana, na sisi tuliukuta umekwisha.

"Ni miye njo niliimaliza," alisema, kwa sauti ambayo mwingine angesema amemaliza sahani yake ya bukari.

Kwa hiyo ninapoandika kwamba mwanamke huyu ndiye aliyewarudishia watoto wetu msitu, najua wapo watakaocheka. Wacheke. Mimi mwenyewe nilicheka, tena mbele za watu, na nitaeleza.

Nyuma ya shule yetu kuna eneo kubwa kiasi cha viwanja viwili vya mpira. Katikati yake kuna kiulu, kile kichuguu kikubwa cha huku kwetu ambacho mgeni hudhani ni kilima, kimeng'atwa upande mmoja na wafyatua matofali. Zamani zile palikuwa na takataka, mbuzi wa jirani, nyasi na visiki. Parokia ina karatasi ya eneo hilo, lakini karatasi ni karatasi tu. Mjini kwetu, ardhi isiyo na mtu ndani yake ni mwaliko. Direkta wetu, mkuu wa shule, alipata wazo zuri. Tuotesheni miti, alisema, ili watoto wajifunze mazingira kwa macho na mikono, si kwa kuchora jani ubaoni. Wazazi wakaitwa Jumamosi moja. Miche ya mikaratusi ikaletwa kwa toroli.

Sasa, mtu wa Lubumbashi anayejiheshimu ana desturi moja: kiwanja chake ni lazima kiwe safi. Safi maana yake udongo mtupu, umefagiwa asubuhi, mistari ya ufagio inaonekana, nyoka hana pa kujificha na jirani hana la kusema. Basi kabla ya kupanda miti, tulisafisha. Tulilima kila jani. Tukaanza kung'oa visiki, baba wazima wakishindana nani ana nguvu, na mizizi ikarundikwa kwa ajili ya kuni. Mimi nilikuwa na sururu, nimevua shati, najiona shujaa.

Mama wa Makala alivuka barabara akiwa anafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki nilichokuwa nakichimba, akakikalia.

"Mama, tafadhali," nilisema, "tunataka kupanda miti."

"Na hii ni nini?"

"Ni kisiki."

Akaparura gamba kwa ukucha wake wa kidole gumba, ukucha mweusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Chini ya gamba palikuwa na kijani kibichi kabisa.

"Haiyakufa," alisema. "Miye nilikata kichwa. Mizizi sikuigusa. Miaka yote hii iko najaribu kurudi, na kila mwaka munaichoma, munaikata, mbuzi inakula. Na leo mumeleta sururu juu ya kupanda muti pa fasi ya muti."

Wazazi wakacheka. Direkta akamwomba asimame, kwa heshima, kisha bila heshima sana. Hakusimama. Alikaa pale hadi mchana mzima ukaisha, na meza yake ng'ambo ya barabara ikauza bila mwenyewe; wateja walichukua makala wakaja kumlipa kisikini. Mikaratusi tuliipanda upande mwingine. Ilikauka yote kabla ya Noeli isipokuwa mmoja, na huo mmoja mbuzi aliumalizia.

Visiki, kwa upande wake, havikungoja hotuba. Mvua za kwanza zilipogusa udongo vikachipua pande zote. Direkta alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, akanituma nikamwite yule mama. Hivyo ndivyo alivyoanza kuja kila Ijumaa kufundisha darasa langu la tatu, ambalo nilipanda nalo kila mwaka, bila mkataba, bila cheo, akiwa na kisu kimoja kifupi kilichofungwa kwenye pindo la kikwembe.

Sijawahi kuona mtu anayefundisha vile. Hakutaja jina la mti mpaka mtoto ameushika akiwa amefumba macho, ameunusa, ameutafuna kidogo na kutema. Mtoto akiuliza, "Mama, hii inaitwa aje?" alijibu, "We unaitwa aje?" Mtoto akitaja jina lake, alisema, "Muti nayo haikuulize jina siku ya kwanza. Kwanza ikuzoee." Mimi nilikuwa na ratiba, nina kurasa za kumaliza kabla ya mtihani, na Ijumaa nzima ilipita tukinusa magamba. Nilikuwa nakasirika kweli. Lakini mwisho wa mwaka niliwauliza watoto wataje miti kumi ya eneo letu, na hakuna hata mmoja aliyekosa. Kwenye maswali ya kitabu walikosa yaleyale ya miaka yote.

Kila mtoto alipewa kisiki chake. Kazi ilikuwa moja: kisiki kikichipua hutoa machipukizi mengi, na ukiyaacha yote hakuna linalokuwa mti. Ni lazima uchague mawili au matatu, mengine uyakate.

"Hii ni mama mwenye batoto kumi na sahani moja," aliwaambia. "Chagua."

Palikuwa na msichana mmoja, kwao wako tisa, yeye wa saba. Alishika kisu, akatazama machipukizi yake, akaanza kulia. Alisema hawezi. Wenzake wakamcheka, na mimi nikafungua kinywa nitoe maneno ya kutia moyo. Mama wa Makala akaninyamazisha kwa mkono.

"Muache. Hakuna kosa. Ataona mwenyewe."

Mwaka uliofuata kisiki cha yule msichana kilikuwa kichaka cha fimbo nyembamba kama kidole, na visiki vya wenzake vilikuwa na miti iliyompita Direkta kimo. Ijumaa moja msichana akaja mwenyewe, akanyoosha mkono. Mama alimpa kisu. Akakata kwa nusu saa, akiwa amekunja uso, kisha akafuta kisu kwa nyasi na kukirudisha. Mama hakumsifu. Alikuwa hapendi sifa, kutoa wala kupokea. Aliona ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wazazi walikuja kulalamika. Baba mmoja, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu na ambaye alilipia watoto watatu kwetu, alisimama mlangoni na kuniambia:

"Mwalimu, natuma mutoto ku masomo juu asome. Kukata fimbo hata ku kijiji babu yake alikataka bure."

Nilijaribu kumweleza habari ya mazingira. Mama wa Makala, aliyekuwa anapita, ndiye aliyemjibu. "Baba, kama batoto habaingie humu, parcelle ya bantu itaingia. Utaona bornes za mpaka, utaona ukuta, utaona muntu ya nguvu na mbwa yake. Njo utamutuma mutoto kusomea fasi gani?" Yule baba alijua ardhi kuliko sisi sote. Ijumaa iliyofuata alituma pamoja na mtoto jozi ya mabuti ya mvua.

Nisije nikamfanya malaika. Muda wote huo aliendelea kuuza makala ng'ambo ya barabara, mita chache kutoka kwenye miti aliyoilinda. Watoto walimwuliza, maana watoto huuliza. Alijibu, "Bibi yako anapikaka na nini? Na mashairi?" Siku ambayo wageni wa ofisi ya elimu walikuja kutembelea eneo letu, Direkta alimwomba afiche magunia. Aliyasogeza karibu na lango. Alipoona nyoka alimwua, hata juma lile nililokuwa nimefundisha kwamba nyoka ana kazi yake. Alisema kazi ya nyoka ameiona, na hakuipenda. Aligombana na wafyatua matofali waliokuwa wakila kiulu chetu, akawatukana hadi mababu, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya matofali ya kiulu. Nilipomwonyesha hilo alisema, "Njo maana nayua utamu wake."

Lakini nilimwona analia mara moja. Ilikuwa mvua za mwaka wa tatu. Msichana wa kisiki cha fimbo alikuja mbio ameshika kitu kwenye sketi yake: bowa, uyoga wa porini, ule wa rangi ya chungwa ambao akina mama huuza barabarani wakiutoa mbali sana. Ulikuwa umeota chini ya mutondo wetu. Mama wa Makala aliuchukua, akaugeuza, akaunusa, akakaa chini kwenye matope na kikwembe chake kizuri. "Hii haipandwe," alisema. "Hakuna muntu anaweza kuipanda. Inarudi yenyewe kama inakubali." Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Watoto walimzunguka, na mimi nikajifanya natafuta chaki mfukoni.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Tangu mwanzo alituambia kuhusu moto. Huku kwetu nyasi huungua kila mwaka, upende usipende. Swali ni lini. Mwezi wa tano nyasi zikiwa nusu mbichi, moto hutembea chini, hulamba tu, na miti haijali. Ukingoja mwezi wa tisa, kila kitu kikavu na upepo umeanza, moto hupanda. Miaka ya kwanza nyasi zilikuwa chache, mbuzi na miguu ya watoto vilitosha. Lakini sasa eneo lilifungwa vizuri, nyasi zilinifika kifuani, na mwezi wa tano ule Mama wa Makala alikuja kwenye mkutano wa komite ya wazazi, ofisini kwa Direkta. Aliweka kibiriti mezani.

"Tuchome sasa," alisema. "Asubuhi, umande ikishakauka. Batoto bakiwa na matawi mabichi pembeni. Kazi ya masaa mbili."

Direkta alimshukuru, akamwomba atoke nje ili komite ijadili. Akatoka, kibiriti akakiacha mezani. Watu wakatazamana. Tulikuwa tumeshaandika ubao kwenye lango: Hapa hatukati, hapa hatuchomi. Mimi ndiye niliyeuandika, kwa rangi ya kijani, na niliupenda. Nikasimama. Nikasema kwamba mtu aliyemaliza msitu mzima kwa moto wake hawezi kukabidhiwa kibiriti karibu na watoto. Nikaongeza kwamba mchoma makala ni mchoma makala, hata umvike joho. Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka nao, nikaketi nimeridhika na ufasaha wangu. Komite ikakataa. Direkta alitoka kumwambia kwamba wazazi wanaogopa. Kibiriti nikakitia kwenye droo ya meza yangu.

Mwezi wa tisa mtu alichoma takataka zake ng'ambo ya kijito. Hatukumjua na hatukumtafuta. Moto uliruka saa sita mchana. Tuliwatoa watoto madarasani, tukawapeleka barabarani, hakuna aliyeumia, na kutoka barabarani tuliangalia. Ulipanda hadi kwenye vilele vya miti kama alivyosema, na miti ikarudi kuwa visiki. Nilikiona cha mtema kuni, mimi nisiyewahi kutema kuni. Mama wa Makala alisimama kando ya magunia yake, mikono ameiweka kichwani, na hakunitazama hata mara moja. Nilitamani anitukane.

Siku ya tatu wakaja watu wa kupima viwanja. Sijui nani aliwaita. Ardhi nyeusi na tupu hujiita yenyewe. Walikuwa wanaume watatu, kamba, vigingi, na karatasi mpya kuliko ya parokia. Direkta akaenda kupiga simu na kukaa huko huko kwenye simu. Nikavuka barabara mbio.

"Mama, wanapima."

Alishajua. Alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa. "Leta darasa," alisema.

"Kwenye majivu?"

"Kila mutoto ku kisiki yake."

Nikawaleta. Waliingia na sare zao nyeupe, wakaketi, kila mmoja kwenye kisiki chake cheusi, na yule wa kwanza kuketi alikuwa mama mwenyewe, kwenye kisiki kilekile cha siku ya sururu. Kulikuwa na kimoja kimebaki karibu naye. Nikakikalia. Suruali yangu ya kaki haikupona tena.

Mkubwa wa wapimaji alinijia. "Mwalimu, ondosha batoto, tupitishe kamba."

Sikuinuka. "Tuko mu somo."

"Somo gani mu majivu?"

Ndipo msichana wa kisiki cha fimbo akanyoosha mkono, kama yuko darasani, na bila kungoja ruhusa akaparura gamba lililoungua, akataja jina la mti wake kwa sauti. Mutondo. Aliyefuata akaparura, akasema muputu. Ikazunguka hivyo, mtoto mmoja baada ya mwingine, vidole vyeusi, muputu, musuku, mutondo, mubanga, na kila walipoparura palikuwa na kijani chini. Wale wanaume walisimama na kamba yao mpaka jina la mwisho. Mkubwa wao alitazama karatasi yake, akatazama watoto.

"Balituambia hapa hakuna bantu," alisema, si kwangu hasa. Wakakusanya vigingi. Hawajarudi mpaka leo, nasi Ijumaa hatujaikosa mpaka leo.

Mvua zilikuwa bado hazijaja, na visiki vilikwisha kutoa majani mapya, mekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga. Mwezi wa tano uliofuata hakuna komite iliyokaa. Mama wa Makala alikuja na kibiriti kingine, akachoma, masaa mawili, watoto na matawi mabichi pembeni. Akafanya hivyo kila mwaka. Ubao wangu niliufuta nusu moja. Kibiriti cha kwanza hakuniuliza, na mimi sikuthubutu kukitoa kwenye droo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alikaa pale kati ya chaki na daftari la mahudhurio.

Mwaka huu hakuwepo. Moshi wa miaka mingi umekula macho yake, na binti yake amemchukua akae naye kwenye mtaa wa Kenya, humuhumu mjini, nyuma ya karakana za kuchomea vyuma. Mwezi wa tano ulipoanza nilichuma kicha cha nyasi zetu, nikachukua na kibiriti cha zamani, nikapanda pikipiki kwenda kumwomba aje. Nilimkuta kwenye ua uliofagiwa safi, mistari ya ufagio ikionekana, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alinijua kwa miguu.

"Mwalimu, bado unatembeaka kama unachelewa."

Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto, za Direkta mpya. Kisha nikampa nyasi. Alizikunja karibu na sikio, polepole, huku vyuma vikilia upande wa pili wa ukuta.

"Haziyavunjika zote," alisema. "Kesho. Ukingoja juma, umechelewa. Uwashe kule upepo inaendaka, moto irudi nyuma ikipigana nayo."

"Nimekuja kukuchukua, Mama. Mimi sijawahi kuwasha."

Nikatoa kibiriti, nikakiweka kwenye kiganja chake. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nikasema, "Hiki ni chako. Cha mkutano ule. Mama, kuna jambo nililosema siku ile, ulipokuwa nje."

Akakitikisa sikioni. "Vijiti iko tatu," alisema. Kisha, "Dirisha ya Directeur haikukuwa na kioo, Mwalimu. Nilisikia yote. Mpaka ya joho."

Nilitaka ardhi inimeze. Miaka yote ile, Ijumaa zote zile, alikuwa anajua. Nikamwuliza kwa nini basi alinikubali pembeni yake, kwa nini hakuniambia. Aligeuza macho yake meupe kwenye sauti ya vyuma.

"Directeur alienda ku simu," alisema. "Weye ulikaa ku kisiki."

Akaushika mkono wangu, akakirudisha kibiriti ndani yake, akafunga vidole vyangu kimoja kimoja.

"Twende wote, Mama. Pikipiki iko hapa nje."

"Miye sina majani tena. Weye njo uko nayo. Enda, majani iko nakauka."

Niliondoka. Nilikitia kibiriti kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Barabara ya Kampemba ni mashimo tu, na kila pikipiki ilipotumbukia, vijiti vililia kidogo kifuani pangu. Nilitega sikio. Vilikuwa vitatu.